Tumbo Lililojaa, Kibuyu Kitupu

Nakumbuka, mwanangu, siku tulipokwenda Meru kumwombea rafiki yetu mchumba tukiwa tumeshiba. Najua unajiuliza kuna ubaya gani mtu kushiba. Hata sisi tulijiuliza hivyo hivyo. Keti hapo, jimiminie chai, na usinikimbize, maana mtu wa umri wangu akianza kusimulia hupitia kwa majirani kwanza ndipo afike kwake.

Miaka hiyo nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, na likizo zote nilizimalizia kwetu Kibugu, Embu, huku juu ambako chai imepandwa hadi ukingoni mwa msitu. Nilikuwa na marafiki wawili wa kiume, na watu walizoea kutuona pamoja kiasi kwamba mmoja akikosekana kanisani, wawili waliobaki ndio walioulizwa. Wa kwanza alikuwa Njeru wa Kanja, kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyoungua. Aliungua kwa sababu ya kazi yake, kwani alichora vibuyu. Alikuwa akipasha msumari moto kwenye makaa, kisha anauburuta juu ya ganda la kibuyu, nao unaacha mstari wa kahawia. Kwa mistari hiyo alichora akina mama wakichuma chai, ng'ombe wakinywa maji, jogoo, Mlima Kenya, chochote kilichompitia machoni.

Wa pili alikuwa Ireri. Ireri hakuchora, Ireri alikula. Alijua ni mama gani anachemsha nduma siku gani, ni nani huweka njahi, yale maharage meusi, kwa wingi kwenye githeri ya mahindi, na ni wapi ndizi zimeiva ghalani. Mjomba wake alikuwa na pikapu ya kubebea kabichi, na Ireri ndiye aliyeiendesha, kwa hiyo tulimpenda kwa mambo mawili. Jumamosi tulizunguka naye vilimani, yeye akifuata harufu, Njeru akifuata sura za watu, nami nikiwafuata wote wawili na kitabu kwapani huku nikiwaambia wanapoteza wakati. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nasema wazi, sijawahi kuwa na furaha nyingi kama ile kwa vitu vichache kama vile.

Sasa, chuoni nililala chumba kimoja na msichana wa Meru aliyeitwa Karimi. Kwao ni Kinoru, juu kidogo ya uwanja wa michezo. Likizo moja alikuja kututembelea, akamkuta Njeru ameinama juu ya makaa, akipuliza. Njeru akainua uso. Wakatazamana mpaka msumari ukapoa mkononi mwake. Sihitaji kukueleza zaidi, wewe pia una macho.

Karimi alilelewa na nyanya yake, mama mzaa baba. Baba yake alikuwa mtu mwema wa maneno machache, na alipoambiwa kuna kijana wa Embu anataka kuja nyumbani, alijibu, "Mama yangu akimkubali, mimi ni nani nikatae?" Basi ndoa yote ya Njeru ikawa mikononi mwa kikongwe ambaye Njeru hajapata kumwona. Na Karimi alinionya mapema kwamba nyanya yake alikuwa ameshamrudisha kijana mmoja, tena wa hapo hapo Meru, mwenye kazi nzuri ofisini, na hakuwahi kueleza sababu.

Njeru akaamua kwamba atamshinda bibi yule kwa ufundi wake. Alichagua kibuyu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, chenye kiuno chembamba na tumbo la kupendeza, akakichora kwa majuma mengi. Mlima uliwekwa hapo, na chai, na wanawake wenye mizigo ya kuni, na watoto, na twiga pia. Nilimwuliza twiga amemwona wapi. Akasema wageni hupenda twiga. Alipomaliza alikipaka vanishi, ile ya fundi wa viti, nje na ndani, kisha tena, mpaka kibuyu kikang'aa ukajiona uso. Tulikizunguka tukikisifu. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini wahenga hatukuwaita siku hiyo.

Asubuhi ya safari mama yake Njeru alituita jikoni kwake Kanja. Mama huyu alikuwa na adabu zake za zamani, na jambo lililomtia aibu kuliko yote duniani lilikuwa mgeni mlafi. Alituambia, "Msiende kwa watu na njaa. Wakiwaona mnakula kama mchwa watasema Embu hakuna chakula. Shibeni njiani, na huko muonje kidogo tu, kwa heshima." Ireri alilipokea neno hilo kama Amri ya kumi na moja.

Tulifika Chuka saa za mchana, Ireri akasimamisha pikapu mbele ya bucha lenye jiko la kuchomea nyama. Nikamwambia, "Ireri, tutachelewa." Akanijibu, "Wawira, si umesikia mama? Hii ni utiifu." Tukala mbavu za mbuzi, tukala mguu, tukafuatiza na supu. Hata Njeru, ambaye tangu alfajiri alikuwa anatetemeka, alitulia baada ya supu akasema sasa anaweza kuzungumza na mtu yeyote. Shibe, mwanangu, ni mwana malevya. Tuliingia Meru tukiimba.

Kwao Karimi walitupokea vizuri mno. Baba alitupa mkono, mashangazi wakatuketisha, na nyanya akatoka jikoni akijifuta kwa leso. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho yasiyokuwa na haraka. "Muuga!" akatusalimu, nasi tukaitikia. Aliwaacha wanaume sebuleni akanivuta mimi jikoni, kwa kuwa msichana hakai tu kama mgeni. Ndipo nilipoona sufuria.

Mukimo ule ulikuwa wa ndizi mbichi na njahi na majani ya malenge, umepondwa kwa mti mpaka ukawa laini kama mkate, na ulikuwa umejaza sufuria ambayo kwetu tungeipikia kwaya nzima. Kando yake palikuwa na kiazi kikuu, kimechemshwa kizima. Karimi alininong'onezea kwamba baba yake ndiye aliyekipanda. Kwao kiazi kikuu ni zao la mwanamume, hukitunza chini ya mti wake miaka, na hakichimbwi kwa mgeni wa kupita. Nyanya mwenyewe alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuponda mukimo, akawakataza wake za wanawe kumsaidia. Nikazikumbuka zile mbavu za Chuka. Nilitaka kumwambia Karimi, nikashindwa. Alikuwa na furaha sana.

Tulipoketi mezani, nyanya alileta jagi na beseni atunawishe mwenyewe. Alianza na Ireri. Maji yakamwagika juu ya vidole vya Ireri yakawa matone matone, yakateleza bila kulowesha, kwa mafuta ya mbuzi. Nyanya akatazama matone yale. Akamimina tena. Akaja kwa Njeru, hali ikawa ile ile. Alipofika kwangu hakutazama hata mikono, alinitazama usoni, na mimi nikaangalia beseni.

"Mbuzi wa Chuka bado ni mtamu?" aliuliza.

Ireri akaficha vidole chini ya meza. Baba yake Karimi aliomba baraka za chakula, tukaanza kula, kama ile ni kula. Nilisukuma tonge nikilipeleka kushoto mwa sahani, nikalirudisha kulia. Njeru alimeza akitoka jasho. Ireri, shujaa wetu, alijaribu kweli, alimaliza sahani moja kwa ajili yetu sote, kisha akaongezwa, na hapo nikaona machozi. Kiazi kikuu cha baba kilikatwa, kila mtu akapewa kipande, na vipande vyetu vitatu vilibaki pale mezani vikipoa mbele ya mtu aliyevilima. Aliangalia dirishani.

Njeru aliona mambo yanaharibika, akaona aokoe kwa ile silaha yake. Akasimama, akafunua shuka, akamkabidhi nyanya kibuyu kwa mikono miwili. Chumba kizima kikasema aah. Kwa kweli kilikuwa kizuri, sitakidharau. Nyanya alikigeuza taratibu, akapitisha kidole juu ya mlima, juu ya wanawake wenye kuni, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Una mkono," akamwambia. "Na huyu wa shingo ni nani?"

"Ni twiga, cucu," Njeru akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu.

"Mko na twiga huko Embu?"

Watu wakacheka, Njeru naye akacheka, nikadhani tumepona. Kisha nyanya akakitikisa karibu na sikio. Akaondoa kifuniko, akanusa, akarudisha uso nyuma kama aliyepigwa na moshi.

"Hii kibuyu iko na nini ndani?"

"Hakuna kitu, cucu," Njeru alisema. "Ni ya kupamba ukuta."

Nyanya alikiweka mezani kwa upole sana, na upole ule ndio ulioniogopesha. "Ukuta wangu hauna njaa," akasema. "Sikia, mwana wa Embu. Umekuja kwangu tumbo imejaa na kibuyu tupu. Sisi tunakujanga tumbo tupu na kibuyu imejaa."

Mwanangu, nimekemewa na wakuu wa shule, nimekemewa na maaskofu, hata mume wangu alijaribu siku moja. Hakuna karipio lililonifika kama lile, na halikuwa hata langu peke yangu. Njeru alibaki amesimama. Karimi, pale mlangoni pa jikoni, aliziba mdomo kwa kiganja. Sote tulijua kinachofuata, kwani yule kijana wa ofisini alirudishwa bila hata kuelezwa kosa.

Lakini bibi aliinuka, akaingia chumbani kwake, tukasikia akipangua vitu. Alirudi na kibuyu kingine. Kilikuwa kibichi cha kazi, yaani kikavu kwa jua lakini hakijapata kukatwa, kina vumbi, mbegu zikicheza ndani. "Hii ilitoka kwa mmea wangu mwenyewe," akasema. "Nenda uifanye iwe ya kunywa. Wewe, si mama yako. Ikikubali uji, uniletee uji. Na usichore kitu hata kidogo mpaka nionje."

Tulirudi Embu bila kuimba.

Labda hujui, maana siku hizi uji mnaunywa kwa kikombe cha plastiki, kwamba kibuyu kipya ni kichungu kama dawa ya malaria. Hukikati leo ukakinywea kesho. Hutobolewa shingoni, mbegu zikachokolewa kwa kijiti, kikajazwa maji na changarawe kikatikiswa mpaka mkono ufe ganzi, kikalazwa na maji, yakamwagwa, kikatiwa uji wa moto, ukamwagwa nao, na tena, na tena. Kila mara sharti mtu aonje. Kazi hiyo huku kwetu ni ya wanawake. Mwanamume akionekana mtoni anatikisa kibuyu watu huacha walichokuwa wanafanya.

Basi Kanja yote iliacha ilichokuwa inafanya. Wanawake walimwita Njeru "mama wa uji". Wazee walimwuliza atajifungua lini. Mama yake alitaka kumpokonya kibuyu amalizie mwenyewe ili aibu iishe, akamkatalia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Njeru aliinama mbele ya kijiji kizima, vidole vyake vilivyozoea msumari sasa vikichubuka kwa changarawe. Nilikuwa nikishuka kutoka Kibugu kila nilipopata nafasi, na Ireri alikuja na pikapu, tukakaa naye mtoni kwa zamu ili asichekwe peke yake. Wakatucheka sote watatu. Ilikuwa nafuu.

Mwonjaji alikuwa Ireri. Nani mwingine? Alikuwa akinywa, anafumba macho, anatema, anasema, "Bado." Siku moja alinywa kikombe kizima kwa kiburi, kisha akatoweka kwenye migomba mpaka jioni. Chuoni nako, kila niliporudi, Karimi aliniuliza kabla sijatua mzigo, "Bado ni chungu?" Nami nikamjibu bado, naye akalala akitazama ukuta. Nilimwonea huruma sana. Ni vigumu kumpenda mtu ambaye hatima yake iko ndani ya kibuyu.

Ilifika siku Ireri akachoka. Alikuja na kibuyu cha nyanya yake mwenyewe, kimezoea uji tangu enzi na enzi, kinafanana na kile cha Meru kama pacha, akasema kwa sauti ya chini, "Chukua hii, boss. Nani atajua?" Njeru alikiangalia kwa muda mrefu. Sitakudanganya kwamba alikataa kwa sababu ya utakatifu. Alisema, "Yule cucu alipanda mbegu yake, akachuma, akakausha. Atakijua gizani." Akainama akaendelea kutikisa changarawe. Nimewahi kufikiri tangu siku hiyo kwamba hofu ya mzee mwenye macho makali nayo ni msaada wa Mungu.

Jambo jingine lilimtesa zaidi ya kicheko. Kile kibuyu kilikuwa na ngozi safi, laini, rangi ya asali, na Njeru alikipakata kila siku bila kukigusa kwa msumari. Nilimwona mara nyingi akipitisha kidole hewani, karibu na ganda, akichora kitu ambacho hakipo, kisha anajikamata, anashika kijiti cha kusugulia. Kwa mtu wa kipaji hiyo ni njaa ya kweli.

Mwishowe Ireri alionja, akafumba macho, hatukusikia neno. Akaonja tena. Akaonja tena, mpaka Njeru akampokonya. Mama yake Njeru akasaga wimbi na mtama, lakini aliyekoroga uji jikoni alikuwa mwanawe, kwa mikono yake, kwa kuwa agizo lilikuwa agizo. Wakaumimina kibuyuni uchachuke, wakaziba mdomo kwa gunzi la mahindi, na siku ya pili tukaondoka.

Hatukula. Tulipopita Chuka moshi wa nyama ulivuka barabara ukaingia ndani ya pikapu, na Ireri akaendesha akiwa ameuma mdomo kama mtu anayeng'olewa jino. Kumbe barabara ile ya mabonde ilikuwa inautikisa uji uliochacha, na jua nalo linaupasha. Tulipokuwa tunakaribia Nkubu, gunzi liliruka likagonga kioo, na uji ukalifuata. Njeru alikuwa amekipakata kibuyu. Alifunika mdomo wa kibuyu kwa viganja viwili, kisha kwa kifua, akapiga kelele Ireri asimame. Tuliposimama, shati lake jeupe la harusi za watu lilikuwa la kahawia hadi kiunoni. Alikipima kibuyu kwa mkono. Kilikuwa kimepungua. Akatoa machozi, na Ireri, ambaye hakuna siku aliyokosa mzaha, alimfuta kwa kitambaa akasema, "Kuna mwingi bado. Twende."

Bibi alitungojea uani. Safari hii hapakuwa na watu wachache. Wajomba walikuwepo, shangazi, majirani, na jamaa wa kanisani, kwa kuwa habari ya mwanamume wa kutikisa kibuyu ilikuwa imefika Meru kabla yetu. Aliangalia shati la Njeru kutoka kola mpaka mshipi. "Hata shati imekunywa," akasema. Kisha akanyoosha mikono.

Alikitikisa kibuyu. Akanusa, na safari hii uso haukurudi nyuma. Akamimina kidogo kikombeni akanywa, akafumba macho, ule mdomo wake mkavu ukienda taratibu. Niliona Karimi ameshika mwimo wa mlango.

"Iko na uchungu kidogo," nyanya akasema.

Moyo wangu ulianguka, nasema kweli. Lakini bibi alikuwa anajimiminia tena.

"Itaisha," akasema. "Kibuyu inaisha uchungu ikitumika. Na wewe utakuwa unakuja hapa kila mara." Akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema lile neno la Wameru ambalo ni asante na ni sawa na ni heri, yote kwa pamoja: "Ibwega."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nyanya mwenyewe alipeleka kibuyu kwa baba yake Karimi, baba akanywa, akampa ndugu yake, na kikazunguka ua mzima, kila mtu funda lake. Kilipomfikia Njeru hakikuwa na tone. Mtu mmoja akasema pole, mwenye uji hakupata uji. Njeru akamjibu kwamba uji wa kibuyu kile ameunywa wa kutosha maisha yote, na hapo hata baba yake Karimi, yule wa maneno machache, alicheka akashika mbavu.

Kisha tukala. Ah, mwanangu. Tulikuwa na njaa ya tangu alfajiri, na mukimo ulikuwa wa moto, na nilikula mpaka nikalegeza mshipi mbele ya watu bila kuona haya. Ireri aliongezwa, akaongezwa, akaongezwa, na bibi aliketi karibu naye akimtazama kwa mapenzi ambayo sidhani Karimi aliwahi kupata. Kiazi kikuu kilikatwa pia. Baba alikikata mwenyewe, akampa Njeru kipande cha kwanza, na Njeru alikila chote, taratibu, akimtazama aliyekipanda. Walipomaliza walikuwa hawajasemezana neno, na mahari ilikuwa kama imeshazungumzwa nusu.

Alasiri bibi aliagiza makaa. "Sasa chora," akamwambia Njeru. Njeru akamwuliza achore nini. "Unachotaka. Uji hautajali." Akachora pale pale uani, watoto wamemzunguka, na bibi ameketi kwenye kigoda akisinzia kwa shibe. Wamezeeka sasa, Njeru na Karimi, wako Kanja, na mikono ya Njeru bado imeungua. Vibuyu vyake huvioni ukutani. Ukivitafuta, ingia jikoni kwa watu.

Mwanangu, nimekusimulia haya yote kwa sababu nawaona nyinyi vijana mnavyotembeleana. Mnafika, mnapiga picha chakula mpaka kinapoa, mnasema mmeshakula mjini, mnaonja kama paka, mnaondoka. Mnadhani mmekuwa wastaarabu. Mwenyeji aliyeamka kabla ya jogoo hataki ustaarabu wako, anataka kukuona ukila. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, nami naongeza kwamba hatapona kama umekuja umeshiba kwingine. Ukienda kwa watu, nenda na nafasi ndani yako, na mkononi nenda na kitu wanachoweza kukitumia, hata kama ni kidogo, hata kama nusu yake imemwagika njiani. Mkono mtupu haulambwi.

Na ukiwa na kipaji, usikifanye cha kutazamwa tu. Siku ile nyanya aliposema "una mkono" alikuwa anasema kweli, hakumdharau Njeru hata dakika moja. Alitaka tu mkono ule ujue kazi yote, si ile sehemu inayosifiwa. Jifunze sehemu inayochekwa. Ukiwa mtoni na changarawe, watu wamekusimamia, hapo ndipo utakapowajua marafiki, maana wa kula nawe mbavu za Chuka hawakosekani kamwe, lakini wa kukuonjea uchungu siku baada ya siku, akatema, akarudi kesho, ukimpata mmoja umshike. Mimi niliwapata wawili, na ndiyo maana unaniona nacheka peke yangu nikikoroga chai.

Basi nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe njaa nzuri na meza ya kuipeleka. Akupe kazi ya mikono yako, na watu wa kuitumia mpaka iishe rangi. Na kila mlango utakaobisha, aje kukufungulia mtu anayetoka jikoni, mikono yake ikiwa bado ina unga.